Nani aitwe mhandisi?

Neno mhandisi lilitujia kutoka Kiarabu, muhandis, na Kiarabu nacho kilichota kwenye Kiajemi: andaza, yaani kipimo. Injinia limepita njia nyingine hadi kwenye Kilatini, ingenium, akili ya kubuni. Zama za Kati injinia alikuwa mtu wa vita, fundi wa mitambo ya kurusha mawe na kubomoa kuta za ngome. Ndiyo maana katika karne ya 18 John Smeaton, aliyejenga mnara wa taa wa Eddystone kule Uingereza, alijiita injinia wa kiraia, ili ijulikane kwamba kazi yake si ya jeshi. Hakuna bodi iliyompa jina hilo.

Leo jina hilo lina walinzi. Katika nchi nyingi, asiyesajiliwa akijiita mhandisi anavunja sheria. Wanaotetea ulinzi huu wana hoja nzito, na mimi siipuuzi. Mwaka 1937 shule ya New London, Texas, ililipuka. Ili kupunguza gharama, ilikuwa imejiunganishia gesi ya mabaki kutoka bomba la visima vya mafuta. Gesi isiyo na harufu ilivuja na kujaa chini ya sakafu, ikashika cheche. Walikufa karibu watu 300, wengi wao watoto. Mwaka huohuo Texas ikatunga sheria ya kusajili wahandisi. Mzazi hana namna ya kukagua bomba lililo chini ya darasa la mwanawe. Anachoweza ni kumwamini aliyeweka sahihi.

Lakini ulinzi huo huo umewahi kuumiza. Kule Oregon, Marekani, mwanamume mwenye shahada ya uhandisi wa umeme alichunguza muda wa taa ya njano barabarani, akaonyesha kwamba kanuni iliyokuwa ikitumika haikumpa muda wa kutosha dereva anayepunguza mwendo ili akate kona. Bodi ya wahandisi ya jimbo ikampiga faini ya dola 500, kwa kuwa alijiita mhandisi bila leseni. Hesabu zake haikuzijibu. Mahakama ya shirikisho ilimpa haki mwaka 2018.

Kwangu, kinachostahili kulindwa ni muhuri kwenye michoro, pamoja na dhamana inayoufuata. Jina lenyewe liachwe. Anayetaka kujiita mhandisi na ajiite, ila asiidhinishe daraja.

Waandishi wa programu za kompyuta ndio wanaoonyesha pengo lilipo. Jimbo la Alberta, Kanada, liliwaruhusu mwaka 2023 kutumia jina la mhandisi wa programu bila leseni, na sioni ubaya. Kinachonisumbua ni kwamba mjadala uliishia kwenye jina. Kati ya 1985 na 1987 mashine ya matibabu ya mionzi, Therac-25, iliwapiga wagonjwa sita dozi kubwa kupita kiasi, baadhi yao wakafa, na makosa yalikuwa ndani ya programu yake. Programu kama hizo sasa zinaendesha breki za magari na vifaa vya moyo. Bodi zianze kuuliza nani ameweka sahihi hapo.