Zimwi la Darajani na Karai la Viazi

Ukitafuta watu wa kucheza nao mchezo wa kuigiza mezani hapa Nairobi, usibandike tangazo lenye neno "dadu". Langu nililibandika kwenye lango la ploti yetu Umoja: "Natafuta wachezaji wa dadu, jioni, ghorofa ya tatu, hakuna kiingilio." Wa kwanza kubisha hodi walikuwa vijana wawili wenye noti mkononi, wakiuliza dau ni ngapi. Aliyefuata ni keateka, tangazo lenyewe akiwa amelikunja kwapani, kunikumbusha kwamba mwenye nyumba hataki kamari, kuku wala jenereta.

Kazini nilijaribu kueleza kwa mpangilio. Kwamba mchezo wenyewe, Dungeons & Dragons, ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Kwamba mmoja wenu ndiye msimulizi, na wengine kila mtu ana mhusika wake. Kwamba ukitaka kufanya jambo ambalo laweza kukushinda, unarusha dadu ya pande 20. Nikifika kwenye hizo pande 20, mtu ameshatoa simu mfukoni. Mwaka 2023 kanuni za msingi ziliachiliwa bure kwa leseni ya Creative Commons, nikaona basi nichapishe nigawe. Ni kurasa 400 na ushei. Jamaa wa saiba aliponitajia bei aliniuliza kama nakaribia kugradueti.

Kinachoudhi ni kwamba mtu wa Nairobi hahitaji kufundishwa kuigiza. Yuko kitandani Rongai, blanketi hadi kidevuni, anakuambia kwenye simu, "Niko hapa Nyayo, nipe dakika tano." Mwenye nyumba akibisha tarehe tano, familia nzima inaigiza nyumba tupu, na hata mtoto mchanga anajua zamu yake.

Nikaacha kueleza. Nikaita watu watatu kwa ahadi ya chapati na dengu: binamu yangu aliye chuoni, makanga wa mlango wa pili, na mhasibu wa sacco anayekaa ghorofa ya juu, ambaye alikubali kwa sababu tokeni za stima zilikuwa zimemwishia. Ndani hatungeenea, kwa hiyo meza niliitoa kwenye roshani. Wahusika nilishawatayarisha, kila mmoja kwa karatasi yake, ili neno "kanuni" lisinitoke kabla ya chapati ya pili.

"Mmefika kwenye daraja la mawe," nikasema, kwa sauti nzito niliyoifanyia mazoezi bafuni. "Katikati limesimama zimwi. Futi tisa, ngozi ya kijani, kucha kama panga. Mnafanya nini?"

Makanga akakunja chapati yake taratibu.

"Anataka ngapi?"

"Nani?"

"Si huyu amefunga barabara. Anataka ngapi tupite?"

Zimwi la kwenye kanuni lina njaa nyingi na akili kidogo, na bei halina. Lakini jamaa alishasimama, mkono mmoja kwenye reli ya roshani, mwingine hewani. "Mkubwa, hawa ni watu wa matanga, maiti imetangulia. Shika hii, tusicheleweshane." Ungekuwa wewe ungefanya nini? Nikamwambia arushe dadu. Akapata 18. Zimwi likapokea sarafu kumi za dhahabu, na nikajisikia nikisema kwa ile sauti ya bafuni, "Ongeza ya chai."

"Risiti itatoka?" akauliza mhasibu.

"Risiti ya nini?"

"Hizo kumi zimetoka kwa mfuko wa kikundi. Bila risiti siidhinishi."

Tulimbembeleza, hakusikia. Zimwi, ambalo sidhani limewahi kuombwa risiti tangu 1974, likapandwa na hasira, na vita vikaanza.

Sasa, zimwi la mchezo huu lina ubaya wake. Kila zamu yake ikianza linajirudishia uhai, pointi 10, isipokuwa kama limechomwa kwa moto au tindikali. Binamu alikuwa akilikata vizuri tu, na vidonda vinafunga. Mhasibu, aliyekuwa akiweka hesabu nyuma ya karatasi yake, akatangaza kwamba salio la zimwi haliteremki. Hakuna aliyekuwa na moto. Zamu ikamfikia makanga. Akaipulizia dadu, akaisugua kwenye suruali, akairusha kwa bega lote. Ikagonga sahani ya dengu, ikaruka reli, ikapotelea gizani.

Kutoka chini tukasikia: "Nani huyo ananitupia vitu kwa karai?"

Mama Viazi hukaanga viazi karai pale langoni kila jioni. Makanga alifika chini kabla yetu sote, akipiga kelele njia nzima: "Isiguswe! Iangaliwe namba kwanza!" Kwenye meza nyingi, dadu ikianguka sakafuni hurushwa tena. Kuhusu karai sijasikia meza yenye msimamo.

Mama alishaiopoa kwa kijiko cha matundu. Ilikuwa imevimba tumbo, kona zimelainika, na ubavuni imeshikwa na ganda la unga wa manjano, limekauka vizuri kabisa. Makanga akalikwangua kwa ukucha. "Ishirini hiyo!" Mhasibu akawasha tochi ya simu, akasema ni kumi na mbili iliyovimba.

"Kwanza mafuta yangu," akasema Mama. "Sasa ni ya plastiki. Na hivyo viazi nani atakula? Elfu moja."

Nilipokuwa natuma pesa, nikasikia makanga akimweleza. "Mama, kuna zimwi limefunga daraja. Tumelilipa, halitosheki. Tukilikata, linapona. Linaogopa moto peke yake." Sekunde kumi, na mama wa watu anatikisa kichwa kwa uchungu. Mimi ndiye nilikuwa nikianza na Gary Gygax.

"Na nyinyi mmeliacha huko mkaja kusimama hapa?" Mama akajifuta mikono kwa leso. "Mafuta haya sitamkaangia mtu tena. Kalimwagieni hilo."

Binamu akanigeukia. "Inakubalika?"

Nikaamua kwamba mafuta ya karai yakiwa moto ni moto. Ila, nikasema, mafuta ni ya Mama, kwa hiyo sharti awe mchezoni. Alimwachia bintiye jiko, akapanda ngazi kabla yetu. Nikampa karatasi tupu. Jina la mhusika? Mama Viazi. Silaha? Karai. Nguvu?

"Kijana, mimi hubeba gunia kutoka soko la Wakulima."

Nikaandika 18, maana nguvu za mhusika huhesabiwa kwa dadu tatu za pande 6, na hapo ndipo zinapoishia.

Akakataa dadu nyingine. Ile aliipika yeye, na hiyo ndiyo ataitumia. Ikabingirika kwa kuchechemea, ikatua kwenye 17. Kinga ya zimwi ni 15, kwa hiyo limepatikana. Kelele aliyopiga makanga ilisikika hadi stendi, na haikuchukua muda keateka akawa mlangoni. Alichokiona: meza, dadu, watu wanapeana mikono, na Mama Viazi anasoma kwa sauti ujumbe wa elfu moja iliyoingia.

"Nilisema nini kuhusu kamari?"

Mhasibu hakusema neno. Akampa kipande cha karatasi ya kaki kilichoandikwa kwa mkono wa Mama, na tarehe: "Mafuta ya zimwi, 1,000, imelipwa."

Keateka akakisoma, akakigeuza nyuma, akakisoma tena.

"Na hizo dhahabu kumi zimwi lilikula," akauliza, "saa hizi ziko na nani?"