Kilomita elfu tano za fundi si wizi vile mnadhani

Siku hizi ukisema unamwaga oili kila kilomita 5,000 unaambiwa fundi anakula pesa zako, eti oili sintetiki (za kutengenezwa kiwandani) za sasa zinafika 10,000 na zaidi bila shida. Na ni kweli, Toyota kule Japani wanasema 15,000 ama mwaka mmoja kwa injini ya petroli isiyo na turbo. Shida wenye kutaja hiyo namba huishia hapo, kitabu chenyewe kiko kwa deshibodi kwa Kijapani nani atakisoma, kumbe matumizi yakiwa magumu hiyo namba inakuwa nusu, 7,500 ama miezi sita. Ya turbo ni 5,000, ikiteswa 2,500.

Na matumizi magumu ni gani? Safari fupi fupi, barabara mbovu, kukaa sana injini ikinguruma. Hiyo si jam ya Mombasa Road ya Nairobi jioni?

Hebu piga hesabu. Mtu wa jam akienda wastani wa 15 kwa saa, akifikisha 5,000 injini imenguruma zaidi ya masaa 330. Anayeshuka Mombasa na kurudi kwa wastani wa 60, hizo hizo 5,000 ni masaa 83 tu. Mara nne, na mita ya kilomita inasoma sawa! Sawa, masaa ya jam ni mepesi, injini haivuti mzigo, lakini ile gari ya kwenda supamaketi na kurudi haipati moto vizuri, petroli na unyevu zinaingia kwa oili na hazipati joto la kuzitoa, polepole inakuwa matope meusi, ringi za pistoni za kuzuia oili zinakwama, gari inaanza kunywa oili na moshi wa bluu nyuma. Hapo ndio unaanza kuuliza bei ya injini ya eksi-Japani, ile iliyotumika kule.

Wa haiwei bila turbo na sintetiki halali akimwaga kwa 5,000 anatupa pesa, hiyo nakubali. Na mafundi nao wana makosa yao, injini ya oili nyepesi ya 0W-20 anaimiminia nzito ya 20W-50 eti imezeeka inataka nzito, na asubuhi ya Julai oili nzito inachelewa kufika juu, kuwasha ndio wakati injini inalika.

Kwa hivyo kama injini haina turbo, wa jam abaki na 5,000 ama miezi sita, ile itatangulia, wa haiwei aende hata 10,000 bora awe anachomoa dipstiki, kile kijiti cha kupima oili, kila wiki mbili. Na filta ya oili itoke kila ukimwaga, fundi akikwambia hii bado iko sawa mwambie aitoe tu.