Mzigo Unaopumua

Mbege ya shangazi yangu haina mpinzani Marangu nzima, na hilo halina mjadala. Shida ni kwamba pombe ile imepikwa inywewe palepale mgombani, kwa kata, kabla haijachachuka. Haikupikwa ipande basi. Ila baba mdogo yuko Dar, Krismasi ile hakuja nyumbani, na kila akipiga simu anaulizia hali ya pipa kwanza, ya mama yake mzazi baadaye.

Basi alfajiri ya safari tukalizunguka pipa. Nilikata chupa ya maji katikati nikapata faneli, shangazi akawa anachota na kumimina. Mbege ni nzito, ina chenga za ulezi. Faneli ikiziba unachokoa na kijiti, inakohoa, inakutemea usoni. Chupa tulizopata ni za kuokoteza. Za soda zina vijiguu chini na ngozi ngumu, zimezaliwa kubeba gesi. Za maji ukizishika tu zinabonyea.

“Vifuniko usikaze,” shangazi akasema. “Zungusha kidogo tu, ipate pa kupumulia.”

Maana chachu haijui kwamba umeshakata tiketi. Inaendelea kula sukari ya ndizi na kutoa gesi njia nzima.

Tukapanga chupa kwenye begi la shangazi kaja, nikashuka Moshi mjini. Konda akaunyanyua mzigo, akanusa mkono wake.

“Mangi, mzigo wako unavuja.”

“Hauvuji. Unapumua.”

“Kwenye gari hii kinachopumua kinalipa nauli.”

Nikamweleza. Nikamweleza tena. Yeye akafungua zipu na kukaza kifuniko kimoja baada ya kingine, kwa mikono iliyozoea nati za tairi, halafu kwa kuwa buti lilishajaa akausukumia mzigo kwenye keria ya ndani. Chini yake alikaa mama mmoja mlokole, gauni jeupe pe, ambaye ndiye aliyetuongoza sala ya safari na kukemea kila pepo wa ajali kuanzia Himo hadi Chalinze.

Tulipoipita Same jua lilikuwa limeshawaka na kiyoyozi kimeshakata tamaa. Nikainua macho: shangazi kaja lilikuwa limenenepa. Sijakaa sawa, PAA!

“Tairi!” wakapiga kelele watu wa nyuma. Dereva akaegesha pembeni, tukashuka karibu wote. Konda akashika chuma akawa anazigonga tairi moja moja, zote zinaitika vizuri. Dereva kalala chini anachungulia uvunguni. Ndipo ikalia ya pili, ndani ya basi, na baada yake sauti ya yule mama ambaye hakushuka kwa sababu alikuwa anashukuru Mungu kwa kutunusuru na ya kwanza:

“Nimekwisha! Natoka damu!”

Tukapanda mbio. Haikuwa damu. Ilikuwa rangi ya kahawia, ina chenga, na inatiririka kutoka kwenye kilemba. Mzee mmoja wa Rombo, aliyekuwa na lake tone begani, akalichovya kidole, akaonja, akafumba macho.

“Ulezi mzuri,” akasema. “Uchungu wa magome ya msesewa umezidi kidogo.”

Nyuma kukazuka ubishi. Mmoja alidai ni mambo ya milima. Kijana aliyejitambulisha kuwa mwalimu wa fizikia akamkatalia: tunashuka, hewa ya nje inazidi kuwa nzito, chupa zilitakiwa zibonyee, hili ni joto na chachu, na aliyekaza vifuniko ndiye mwenye kesi. Abiria wote wakamgeukia konda. Siku hiyo nilimpenda mwalimu yule kama ndugu.

Zilizopasuka ni za maji. Za soda zilikuwa nzima ila zimekakamaa. Hakuna aliyetaka zirudi juu. Mama mwenyewe, kilemba kikidondosha, akaamuru ziwekwe miguuni pake. Kila baada ya muda anainama, analegeza kifuniko, inatoka “sssss”, anasema “Toka!”, anakaza kidogo, anahamia nyingine. Hakuna pombe iliyowahi kuombewa namna ile.

Mbele kidogo trafiki akasimamisha gari. Alipanda ngazi moja, pua zikamcheza, akashuka kufuata kipima ulevi. Dereva akapuliza: sifuri. Akapuliza tena: sifuri. Trafiki akamkagua konda aliyelowa mpaka soksi, akauliza, “Na huyu?” Basi zima likajibu, “Huyo mpime!”

Tukafika stendi ya Magufuli, Mbezi, usiku. Kwaya ilikuwa inamsubiri mama kwa wimbo na vigelegele. Dada wa mbele akamkumbatia, akaacha kuimba. Wa pili akamkumbatia, naye akanyamaza. Sauti ya nne ilipozimika, mama akageuka ananitafuta kwa kidole, nami nilikuwa nimeshapatana bei na bodaboda.