Malezi ya mchana vijiji vya mwani: kituo au bibi?

Tangu kilimo cha mwani kuanza kibiashara Paje na Jambiani, Zanzibar, mwaka 1989, siku ya mama wa pwani anayelima mwani hupangwa na bamvua, yaani siku maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida. Mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi, na kila siku kupwa huchelewa kwa karibu dakika 50. Mama huteremka mapema na kurudi maji yakijaa. Mtoto asiyefika miaka mitatu hubaki na bibi, na dada anayekosa skuli, au hubebwa akachomwe na jua. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 iliingiza maandalizi (madarasa ya kabla ya msingi) katika elimu ya lazima, lakini mtoto huyu bado hajafika umri wa skuli.

Ndiyo maana wengi wanataka kila shehia (eneo dogo la utawala linaloongozwa na sheha) iwe na kituo cha malezi. Hoja yao ni nzito. Bibi mwenye wajukuu wanne, jiko la kuni na kisima wazi hawezi kuwaona wote kwa wakati mmoja. Tena, mtoto wa miezi 9 hadi 23 anahitaji milo mitatu au minne kwa siku. Akikaa na uji wa maji mpaka mama arudi, nusu ya chakula chake imepotea. Kituo kinaweza kumpa uji mzito wenye dagaa wa kusaga au karanga, na kumpima mzunguko wa mkono wa juu kwa utepe: chini ya milimita 115 ni utapiamlo mkali, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Wanaopinga nao wana hoja ambayo waanzishaji huipita haraka mno. Ukiwakusanya wachanga kumi na wawili chumba kimoja, unakusanya pia kuharisha, mafua na surua. Kinachoharibu ni winda. Mlezi mmoja hubadilisha winda, husuuza mikono kwenye beseni la wote, kisha hukoroga uji. Siku chache baadaye nyumba kadhaa zina mtoto anayeharisha. Dawa yake si jengo zuri. Ni ndoo yenye bomba na sabuni pahali pa kubadilishia, mlezi wa winda asiyegusa chakula, na jiki ya asilimia 3.5, kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji, ya kusafishia sakafu iliyochafuka. Mtoto aliyeharisha abaki kwao na ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini), paketi moja kwa lita moja ya maji safi, pamoja na zinki. Kadi ya chanjo ikaguliwe kabla ya kumpokea: surua ni miezi 9, kisha 18.

Maziwa ya mama nayo hayachezewi. Chini ya miezi sita mtoto hanywi kingine. Yaliyokamuliwa hukaa kwenye kikombe safi chenye kifuniko yasizidi muda wa saa nne bila baridi, na joto la kaskazi linadai yanywewe mapema zaidi. Yapewe kwa kikombe. Chupa ya chuchu ni ngumu kuisafisha.

Kwa haya yote, tunaona kosa ni kuwaweka watoto wote pamoja. Wasiotimiza mwaka wabaki majumbani, bibi wawili wakilea wasiozidi sita, na wapewe ujira. Kituo kichukue wa mwaka mmoja hadi mitatu, katika vikundi vidogo. Kisha kifuate mwezi: kituo cha Jumatatu hadi Ijumaa hufungwa bamvua likiangukia Jumapili, na hukaa wazi maji mafu, siku maji yanapopwa kidogo tu, mama akiwa nyumbani. Kalenda ya mwezi ibandikwe mlangoni, walezi wapumzike maji mafu.

Linalobaki gumu ni fedha. Mlezi asiyelipwa huondoka, na kila mlezi mpya hufundishwa upya kunawa, kupima na kukoroga uji. Mchango wa kila asubuhi humfukuza mama maskini, ambaye mwanawe ndiye anayehitaji zaidi. Ukusanywe mwani ukishauzwa, na pale bei inapoanguka shehia ijazie. Bila mpango huo wa kujazia ulioandikwa kabla ya kufungua, tungeshauri kituo kisifunguliwe, nguvu ziende kwa bibi wenye ndoo na sabuni.