Risasi za Eaton Place

Tarehe 22 Juni 1922, Sir Henry Wilson alirudi nyumbani kwake Eaton Place, London, akiwa bado na sare zake za Fildimasha, cheo cha juu kabisa cha jeshi la Uingereza. Alitoka stesheni ya Liverpool Street, ambako alizindua mnara wa kuwakumbuka wafanyakazi wa reli waliokufa vitani. Alipofika mlangoni kwake, vijana wawili wakampiga risasi, akafa.

Kila ninaposoma habari zake, wanaonijia kwanza ni hao wawili. Reginald Dunne na Joseph O'Sullivan walikuwa watu wa IRA, jeshi la siri lililopigania uhuru wa Ireland kutoka Uingereza, lakini kabla ya hapo walikuwa askari wa Uingereza. O'Sullivan aliacha mguu wake Ypres, Ubelgiji, katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Siku ile hakuweza kukimbia kwa mguu wa bandia, mwenzake akakataa kumwacha, wakakamatwa wote na kunyongwa tarehe 10 Agosti. Na nani aliyeandaa safari ya jeshi la Uingereza kwenda Ufaransa mwaka 1914? Wilson huyohuyo. Kuanzia 1910 alishughulikia treni, meli na ratiba, na likizo zake alipanda baiskeli kwenye mpaka wa Ufaransa na Ubelgiji kuichungulia ardhi ambayo vita vingepita.

Mtu huyu alizaliwa Currygrane, Longford, Ireland, mwaka 1864, katika ukoo wa Waprotestanti wenye mashamba. Alifeli mitihani ya kuingia vyuo vya maofisa mara tano, akapitia mlango wa wanamgambo. Burma alijeruhiwa juu ya jicho, kovu likabaki maisha yote. Vita vya Makaburu vikampa nishani ya DSO, na mwaka 1919 akapewa ubaroneti, cheo cha kurithisha watoto. Kwa ustahimilivu huo namvulia kofia.

Lakini Ireland siwezi kumsamehe. Mwaka 1914 maofisa wa kambi ya Curragh, Ireland, waliposema ni heri wajiuzulu kuliko kwenda kuwabana Waprotestanti wa Ulster, kaskazini, waliokataa Ireland ijitawale, Wilson, mtumishi wa serikali aliyelipwa na serikali hiyo, aliwatia moyo na kuwavujishia habari wapinzani wa serikali. Baada ya vita hakutaka kabisa kusikia kwamba kuna mazungumzo na Sinn Féin, chama kilichodai uhuru wa Ireland. Alielewana na Foch, jenerali Mfaransa, kama watu waliokua pamoja. Wakatoliki waliomzunguka tangu utotoni ndio aliowaona wa kutiishwa kwa bunduki.

Sisemi alistahili kuuawa. Hakustahili, na risasi zile hazikuwasaidia Waireland. Kwa sababu ya mauaji hayo, serikali ya London ilimbana Michael Collins, kiongozi wa serikali mpya ya Ireland, awaondoe wapiganaji waliopinga mkataba wake na Uingereza, ambao walikuwa wameteka jengo la mahakama la Four Courts mjini Dublin. Tarehe 28 Juni mizinga ikaanza kulipiga, na Waireland wakaanza kuuana wenyewe kwa wenyewe. Collins naye aliuawa tarehe 22 Agosti, miezi miwili kamili baada ya Wilson.

Wilson hakuwa na mtoto, kwa hiyo ubaroneti ulizikwa pamoja naye. Nyumba ya Currygrane ilichomwa moto mwaka huohuo.