Wimbo Uliotawala Redio Lakini Haumo Kwenye Chati

Fungua orodha ya nyimbo zilizoshika namba moja Marekani miaka ya 1990, kwenye chati ya Hot 100 ya jarida la Billboard, uitafute "Don't Speak" ya bendi ya roki No Doubt. Haimo. Hata ukishuka mpaka namba 100 za wakati ule, huikuti. Na huu ndio wimbo ulioongoza kwa kupigwa redioni nchini humo kwa wiki 16, kuanzia mwishoni mwa 1996! Uingereza, Februari 1997, ulipanda mpaka namba moja. Ni Gwen Stefani yule yule, mwimbaji wa bendi hiyo, anaanza kwa sauti ya chini kama anayejikaza asilie, kisha kiitikio kinamshinda na anaiachia sauti yote. Alikuwa akiimba kuachana kwake na Tony Kanal, mpiga besi wa bendi hiyo hiyo, ambaye kila jukwaa walilopanda alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwake. Kwa Hot 100, wimbo huo ni kama haukuwahi kutoka.

Chanzo ni sharti moja. Wimbo haukuruhusiwa kuingia Hot 100 mpaka uwe unauzwa dukani peke yake, yaani kama singo. Kampuni ya muziki ya No Doubt haikutoa singo ya wimbo huo Marekani. Singo iliuzwa dola chache, CD ya albamu ilipita dola kumi. Anayeutaka wimbo mmoja alazimike kubeba albamu nzima. Na watu waliibeba: albamu hiyo, Tragic Kingdom, ilithibitishwa kwa nakala milioni 10 Marekani.

Wanaolitetea sharti lile wana hoja nzito, na mimi siibezi. Mtu akitoa pesa yake mfukoni kununua wimbo mmoja, amekwishasema anachokipenda. Redioni msikilizaji hachagui, anachaguliwa na mpanga vipindi. Marekani wanalijua hilo vizuri tangu kashfa ya mwaka 1959, ilipobainika kwamba watangazaji walikuwa wakihongwa ili wapige nyimbo fulani, na mtangazaji maarufu Alan Freed akapoteza kazi. Tena Novemba 1991 Hot 100 ndiyo kwanza ilianza kutumia mauzo yanayosomwa na mashine dukani. Kabla ya hapo maduka yalitoa taarifa yenyewe ya kipi kinauzika, na taarifa ya mdomo huweza kupakwa mafuta. Kwa hiyo aliyesema "hesabu risiti kwanza" alikuwa akilinda kitu cha maana.

Lakini risiti haiwezi kuandikwa kwa kitu ambacho hakiko dukani. Hapo ndipo utetezi unaponiishia. Mnunuzi hakukataa "Don't Speak". Alinyimwa nafasi ya kuinunua, halafu chati ikahesabu kunyimwa kwake kama kutopenda. Wakati huo huo mwimbaji Toni Braxton alikaa kileleni mwa Hot 100 wiki 11 na "Un-Break My Heart", wimbo taratibu wa mapenzi. Sina ugomvi na wimbo ule, ulinunuliwa kweli na ni mzuri kweli. Ninachokataa ni msomaji wa leo kuiangalia orodha ile na kuhitimisha kwamba Wamarekani wa miaka ile walitaka nyimbo taratibu za mapenzi tu, na kwamba roki ilikuwa pembeni. Roki ilikuwa kwenye kila gari lenye redio. "Iris" ya Goo Goo Dolls iliongoza redioni wiki 18 mwaka 1998. "Torn" ya Natalie Imbruglia iliongoza wiki 11.

Billboard walilegeza sharti Desemba 5, 1998, wimbo ukaweza kuhesabiwa kwa redio peke yake. Nyimbo hizo mbili zikaingia zikiwa zimekwisha chuja: "Iris" ikaishia namba 9, "Torn" namba 42. Arobaini na mbili, kwa wimbo ambao sisi tuliokuwa huku Afrika Mashariki, mbali na maduka yao, tuliujua kwa moyo! Mtafiti atakayekuja na orodha hiyo mkononi ataupita bila hata kugeuza shingo. Kuchelewa kwao ndiko ninakokulaumu zaidi kuliko sharti lenyewe, kwa sababu kampuni zilikuwa zimeshaigeuza mbinu ya kutotoa singo kuwa mazoea kwa miaka, na jarida likiona.

Juni 2000 mwimbaji Aaliyah alishika namba moja na "Try Again", wa kwanza kufika pale kwa nguvu ya redio tupu. Aliyehofia wapanga vipindi alipata ushahidi wake: wimbo ulio juu kuliko zote nchini ulifika pale bila kuhitaji singo moja kuuzwa. Mimi nilifurahi. No Doubt, kama bendi, hawajashika namba moja ya Hot 100 mpaka leo.