Mezani Kwetu Mzigo Unahesabiwa

Ukikaa na kundi jipya la wachezaji wa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza safari za kubuni kwa dadu, hapa Moshi, sheria ya kwanza kutupwa ni ile ya mzigo na chakula. Mwendesha mchezo, yaani anayesimulia safari na kusimamia sheria, anasema, "Jamani, chakula tuchukulie mnacho," watu wanafurahi, safari inaanza. Mimi napinga, tena kwa nguvu zote. Ukiondoa masurufu na uzito umeiondoa safari yenyewe. Yanabaki mapigano na usingizi, basi.

Wala sheria hiyo si nyongeza ya wapenda hesabu. Mchezo ulipotoka mwaka 1974, waundaji wake, Gary Gygax na Dave Arneson, walikuwa wameshauweka uzito ndani, na waliupima kwa sarafu za dhahabu. Maana yake hazina uliyoihangaikia shimoni ndiyo hiyohiyo iliyokupunguzia mwendo wakati wa kukimbia. Napenda sana wazo hilo.

Toleo la tano, la 2014, lililegeza mno. Mhusika unayemchezesha ana alama za nguvu; zizidishe kwa 15, hizo ndizo ratili anazoruhusiwa kubeba. Mhusika wa nguvu 10, mtu wa kawaida kabisa, anabeba ratili 150, yaani kilo 68 hivi, na mwendo wake haupungui hata kidogo. Sisi tunaoishi chini ya Kilimanjaro hatuwezi kulikubali hilo. Mizigo ya wapagazi inapimwa kwenye mizani getini kabla ya kupanda, na kikomo cha mzigo wa msafara ni kilo 20 kwa mtu. Hao ni watu ambao kazi yao ni kubeba.

Ila kitabu hichohicho kina sheria ya hiari ambayo wengi wanairuka. Ratili za mzigo zikizidi alama zako za nguvu mara 5, mwendo unapungua kwa futi 10 kila zamu. Zikizidi mara 10, unapungua kwa futi 20 na unapigana kwa shida. Kwa yule mtu wa nguvu 10, kikomo cha kwanza ni ratili 50, kilo 22 na ushee. Kinakaribiana kabisa na mizani ya getini. Tumieni sheria hiyo, mwone mchezo unavyobadilika.

Maji ndiyo yanayobadilisha zaidi. Kwa wanaopanda njia ya Machame, mahali pa mwisho pa kuteka maji ni bonde la Karanga. Kambi ya Barafu, wanakotokea usiku kuelekea kileleni, haina maji. Chai yote inayochemshwa pale ni ya maji yaliyopandishwa na wapagazi. Mezani hesabu yake ni hii: mhusika anahitaji galoni moja kwa siku, na mbili kukiwa na joto kali. Kiriba kimoja kinachukua nusu galoni na kikijaa kina ratili 5. Siku nne bila mto ni viriba vinane, ratili 40. Weka chakula cha siku hizo nne, ratili 8. Weka kamba ya katani, ratili 10. Umeshapita 50 na upanga hujaushika bado.

Hapo ndipo watu wanapoanza kuongea. Mchezoni, kundi letu lilifika ukingoni mwa jangwa wakabishana muda mrefu kuhusu kamba. Wawili walitaka iachwe. Mwenzetu mmoja, ambaye ameshabeba mizigo mlimani, akakataa katakata: "Kaka, kamba haiachwi. Tupunguze maji, tutagawana." Wakakubali kunywa nusu. Kwa sheria, anayekunywa nusu anarusha dadu kila mwisho wa siku, na asipofikisha 15 anapata ngazi moja ya uchovu. Siku ya tatu mpiga upinde alikuwa hoi. Walipokutana na msafara wa chumvi hawakuwaza kabisa kupigana. Walitoa upanga wa fedha wakapewa maji. Sikuandaa tukio hilo. Lilitokana na ratili 10 za kamba.

Nakubali kwamba kujumlisha ratili kila dakika kunachosha, hasa kwa wageni. Sisi uzito tunaujumlisha mara moja tu, kabla ya kuondoka. Maji tunayahesabu kwa maharage: kila mchezaji anakuwa na yake mbele yake, harage moja kwa kiriba kimoja, akinywa analirudisha kikombeni. Huna haja ya kufuta karatasi, na kila mtu anaona ya mwenzake yanavyopungua. Wakiwa mjini sihesabu chochote. Hela ipo, soko lipo.

Wengine wataniuliza, na uchawi je? Kuna uchawi wa ngazi ya kwanza unaotoa galoni 10 za maji safi kwa mara moja, na wapo waendesha mchezo wanaoupiga marufuku ili wailinde njaa na kiu. Mimi siupigi. Kuhani ana nafasi chache za uchawi kwa siku, na zilezile ndizo anazotumia kuponya. Akijaza viriba asubuhi, mmoja wao akachomwa mkuki jioni, waamue wenyewe nani alikuwa na haki zaidi ya nafasi ile.